Kiboko Mwenye Jicho ya Kifungo

Mama mukubwa Marie-Jeanne alipangusa vumbi kwa banyama bakufa miaka kumi na tisa. Njo ilikuwa kazi yake. Hapa Butembo, ukiuliza batu bibi ya Zacharie anafanya nini kule ziwani, banacheka kwanza, kisha banasema: anaosha nyama yenye hailiwi.

Alizaliwa Masereka, kule kwenye baridi, kwenye batu banalimaka viazi na hawajue maji ingine zaidi ya mutoni ya kuchota. Bwana yake Zacharie, kaka mukubwa wa baba yangu, alimuoa, kisha akamutelemusha Kyavinyonge, kijiji ya bavuvi kwenye muchanga ya ziwa Edouard. "Siku ya kwanza niliona maji yenye haina ngambo," aliniambia, "nikatafuta kitu ya kushika. Hakukuwa." Alizoea pole pole. Lakini kuogelea hapana, mupaka leo. Na kwenye paji la uso alibaki na alama ya kamba, kama bamama bote ba kwetu benye banabeba muzigo mugongoni na kamba inapita kwenye paji. Ile alama yake inaingia ndani sana, unaweza kulaza kidole.

Kyavinyonge kulikuwa nyumba moja ya mawe, bati nyekundu, karibu na pale mitumbwi inatokea. Banaiita Musée, nyumba ya makumbusho. Ndani kulikuwa banyama ba ziwa. Kulikuwa ndege mukubwa mweupe mwenye mufuko chini ya mudomo, kulikuwa kichwa ya kiboko muzee na meno yake, kulikuwa samaki ndani ya machupa ya dawa, macho yao nyeupe kama maharagi yenye imechemuka sana. Inje kulikuwa bassin ya simenti, ya maji, na samaki ya matope, muzima. Ile samaki inapumua kama mutu. Maji ikikauka, inajifunika matope na kulala. Batu balikuwa banatoka Goma, banatoka Beni, bacommerçants, benye biashara ba Butembo, na magari yao na bibi zao, juu ya kuona ziwa, kupiga foto ya biboko kwenye maji, kuingia Musée, kisha kula samaki ya kukaanga na kurudia. Mama mukubwa alikuwa anafagia, anapangusa, anafungua mulango, anafunga mulango. Na siku yenye guide, mwenye kutembeza wageni, hakuja, alikuwa anasema yeye mwenyewe maneno ya guide, yote, kwa kichwa.

Mimi niliingia mule mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi, na vita ya kwanza haikuwa bado. Mukaka Victoire (mukaka njo nyanya, kwa kinande chetu) alitelemuka na mufuko ya maharagi ya kupelekea mutoto yake Zacharie, na mimi nikatelemuka naye. Siku ya Mungu, misa ikiisha, Zacharie akamuambia mama yake:

"Mama, ingia uone kazi ya bibi yangu."

"Nione nini?"

"Banyama."

"Nilishaona biboko bibili asubuhi hii, balikuwa banakula majani nyuma ya choo. Na hawakuniomba tiketi."

"Ba humu ndani hawakimbizi mutu, mama."

"Njo sababu siingii. Kitu yenye haikimbizi mutu na hailiwi, ni ya nini?"

Zacharie akacheka sana. Alikuwa mutu wa kucheka, na koti yake nzito hata kwenye joto ya ziwa, juu mama yake alimushonea. Mukaka akakaa kwenye jiwe inje, akavua viatu, akaangalia mbuzi zinapita. Mimi niliingia.

Mama mukubwa alikuwa na blouse ya bleu, amesimama wima kama kwenye kanisa. Kulikuwa wageni sita. Aliwaambia: "Ne touchez pas. Hapana kugusa. Tunaangalia na macho." Kisha akaenda mbele yao pole pole, anaonyesha na mukono bila kunyoosha kidole. Mwisho kabisa, kwenye kona, kulikuwa mutoto ya kiboko. Muzima wote, ngozi yake na miguu yake, amesimama juu ya ubao. Urefu ni kama mutoto wa miaka kumi akilala. "Huyu mama yake alimuacha," mama mukubwa alisema. "Alikufa na njaa kwenye muchanga. Tulimuweka hapa juu mutu asipite bila kumuona."

Jicho moja ilikuwa ya kioo. Ingine ilikuwa kifungo ya koti.

Ilikuwa ya Zacharie. Mutoto wa mugeni mumoja alitoboa jicho ya kioo ikaanguka ikapasuka, na Konservateri Laurent, mukubwa wa ile nyumba, alikuwa anakuja siku ileile kuonyesha Musée kwa bakubwa ba Beni. Laurent alikuwa mutu wa Kasaï, viatu yake ilingaa hata kwenye muchanga, na hakupenda mambo nusu nusu. Mama mukubwa alianza kulia. Zacharie akakata kifungo ya koti yake mwenyewe, ya pembe, rangi ya kahawa, na uzi wake mwekundu ungali ndani, akaishindilia mahali ya jicho na kuikaza na ule uzi. Laurent alikuja, akapita, hakuona kitu. Tangu ile siku hakuna mwenye aliitoa.

Mukaka aliona koti wakati ya kula.

"Kifungo yangu iko wapi? Nilishona na uzi mwekundu juu mweusi ulikuwa umeisha."

"Inaangalia ziwa, mama," Zacharie alisema, na mudomo umejaa samaki.

Akamuelezea. Mukaka akatikisa kichwa. "Koti ya Noeli. Anakata kifungo anapatia nyama jicho. Na wewe," akageukia Marie-Jeanne, "unamuangalia tu."

"Nilikuwa nalia, mama."

"Basi, kula."

Kisha vita ilikuja. Ya kwanza ilipita kama mvua ya mawe, iliharibu na ikaenda. Ya pili ilikaa. Wageni hawakukuja tena. Laurent alimupa mama mukubwa ufunguo, akasema anaenda Beni kuchukua ndege, atarudi mwezi wenye unakuja. "Mama Marie-Jeanne, Musée haiko stoo ya samaki. Mutu asiweke nyavu humu." Njo neno yake ya mwisho. Mushahara haukukuja tena, lakini yeye alifungua kila asubuhi, akapangusa, akafunga. Ufunguo ulikuwa kwenye shingo pamoja na rozari.

Mwaka ule wa vita ya pili, Zacharie aliingia ziwani na benzake babili, mutumbwi mumoja. Upepo ulitokea upande ya Uganda. Kesho yake ziwa ilirudisha babili. Zacharie hapana.

Kwetu iko namna ya kufanya. Mutu akipotea na mwili hauonekane, banakata mugomba, banaufunika kwenye mukeka kama maiti, banaweka kitu yake moja, banauzika na maombi yote. Hapo matanga inafunguliwa na kufungwa, bibi ananyolewa nywele, batu banarudi kwenye mashamba. Miaka ile ya vita migomba mingi ililala chini ya udongo hapa kwetu, hakuna kijiji yenye haikufanya.

Mukaka alikataa. Bazee balikuja mara ya kwanza, mara ya pili, Katekista Kahongya naye akakuja. Kahongya ni mutu mwembamba, anaongea kama anaomba ruhusa.

"Mukaka, roho ya mutoto inatafuta pa kupumzika."

"Umeona maiti yake?"

"Hapana."

"Donc unataka nizike mutu muzima."

Mama mukubwa alipanda toka ziwani kulia na sisi. Mukaka hakulia. Alimuambia mbele ya batu bote: "Wewe ulibaki kule kupangusa banyama, na bwana yako anaenda kwenye maji yenye wewe mwenyewe unaogopa. Rudia. Usiingie tena kwenye lango yangu bila mutoto yangu." Hakupandisha sauti. Mama mukubwa akasema, "Ndiyo, mama." Akarudia siku ileile, mwendo ya masaa mengi, chini ya mulima.

Miaka tatu ilipita namna ile. Baba na mama yangu balikuwa Beni, banauza mafuta ya ngazi, mimi nilikuwa na Mukaka. Masomo niliacha mwaka wa ine. Niliona vile Mukaka anafanya: asubuhi anakaa kwenye mulango, anaangalia njia ya upande ya ziwa, maharagi mbele yake, anachambua na hatazame maharagi.

Basoda balikuja kulala ndani ya Musée. Mama mukubwa hakuwa na wa kushitakia. Walianza kupikia na mbao ya madirisha, kisha mbao ya makabati, kisha viti. Dawa ya machupa, mumoja wao alijaribu kuinywa, akatapika mupaka damu, njo balijua kuiacha. Mama mukubwa alianza kutoa banyama mumoja mumoja. Alikuwa anaweka ndege ndani ya kapo, samaki ya chumvi juu yake, kamba kwenye paji, na kupanda na bamama benye banauza samaki Butembo. Basoda ba barière, pale njia inafungwa, banaangalia juu ya kapo, banachukua samaki mbili, banamupitisha. Siku mbili ya kupanda. Anafika kwenye lango yetu. Haingii. Ananiita kwa jina pole pole, ananipa kitu, naiweka kwenye nyumba ya mbuzi, naye anakunywa maji amesimama inje, anarudia. Mukaka anaona yote toka kwenye mulango. Mara moja aliniambia tu, "Mupe kiazi ya njia. Usiseme ni mimi."

Ile namna nyumba ya mbuzi ilijaa: ndege mweupe, kichwa ya kiboko muzee, machupa ine. Kule ziwani alibaki mutoto ya kiboko peke yake. Haingii ndani ya kapo.

Sasa ile safari ya mwisho, mama mukubwa alinielezea mwenyewe, tukimenya mihogo, na Eliezer alinielezea vilevile. Eliezer ni muvuvi, jirani yake, mutu wa kifua pana.

Kulikuwa soda mumoja kati yao, Jordy, kijana wa Kinshasa, mwembamba, mwenye kuugua malaria kila mwezi. Mama mukubwa alikuwa anamupikia bouillie, uji ya mugonjwa. Siku moja Jordy alimukuta kwenye bassin, pale samaki ya matope ililala, akamuambia bila kumutazama:

"Mama, mutoto yako wa kiboko, chef, mukubwa wetu, anasema kesho banamukata. Ngozi yake ni nzuri ya fimbo. Balishaanza kwenye tumbo."

"Mimi nitafanya nini?"

"Sijue. Kesho asubuhi mimi niko kwenye barière."

Akaenda zake.

Kabla jua kutoka, basoda balikuwa balilala na ulevi. Eliezer na bavuvi benzake batatu balimutoa mutoto ya kiboko kwa dirisha, yenye haikuwa na mbao tena. Walimufunga na mikeka mbili, juu yake pagne, kitenge ya mama mukubwa, wakamuweka kwenye tipoy, ile kitanda ya miti yenye tunabebea bagonjwa na batu bakufa. Plan yao ilikuwa hii: kumuvukisha barière kama muzigo ya nyavu, kumufikisha chini ya mulima, na pale mama mukubwa angojee camion, gari ya kubeba samaki. Hakuna mwenye alisema neno maiti. Eliezer ananiapia mupaka leo.

Kwenye barière, chef alikuwepo. Alikuwa ameamuka vibaya, macho mekundu.

"Nini ile?"

Eliezer alifungua mudomo, na neno nyavu ikakataa kutoka. Jordy akakaribia, akanusa mukeka, akarudi nyuma na mukono kwenye pua.

"Ebembe, chef. Maiti. Mutu wa maji. Amevimba."

Chef akatema mate pembeni. Akaangalia mama mukubwa. "Ni wako?"

Mama mukubwa aliniambia: "Nilichoka, mutoto. Nilikuwa nimechoka miaka tatu. Nilisema, ni bwana yangu, chef. Na niliposema, machozi ikatoka yenyewe, sikuitafuta." Chef akatoa kofia. Wakapita. Hata samaki hawakuomba.

Chini ya mulima, Eliezer na benzake balitaka kutua tipoy kwenye kivuli. Lakini pale batu balikuwa banatoka kulima. Kwetu ukikuta maiti njiani hauulize kwanza: unaweka jembe chini, unaweka bega, unabeba mupaka kilima yenye inafuata, na kule bengine banapokea. Njo vile. Mutu wa milima hawezi kupita maiti mikono mitupu. Walitoa jembe, batu sita, wakaweka bega, wakaanza kupanda bila mutu kubaomba. Eliezer alibaki amesimama na mikono inaning'inia.

"Mama Marie-Jeanne," alisema chini chini, "tubaambie?"

"Ukibaambia, batarudia na hasira, na chef atasikia kabla ya saa sita."

Mumoja wa wale wenye balibeba, muzee, aligeuza shingo. "Mama, tunabeba nani? Tunaombea nani?" Maana hiyo nayo ni lazima. Maiti haipandi mulima bila jina. Jina inatangulia, mutu mumoja anakimbia nayo mbele, kilima kwa kilima, ili benye kufuata bajitayarishe na wenye nyumba bawashe moto.

Alikuwa ameshasema ni bwana yake. Jina ingine hakuwa nayo.

"Zacharie," akasema. "Mutoto wa Mukaka Victoire wa Butembo."

Kijana mumoja akakimbia. Mama mukubwa alimuona anapotea kwenye kona ya njia. Aliwaza kumuita arudi. Alishafika mbali. Kisha kilima ya pili ilipokea, na ya tatu. Kila mahali bamama banamushika mukono, banamupa maji, banamuambia pole. Alisema pole zile ndizo zilimulemea kushinda mulima. Kwenye kijiji ya Kyondo balilala, batu balikesha na tipoy kanisani, banaimba. Mumoja alisema, "Alikuwa mutu munene." Mwenzake akamujibu, "Ni maji. Maji inanenepesha hata masikini."

Sasa yenye nilijionea mwenyewe.

Katekista Kahongya aliingia kwetu asubuhi, kofia mukononi. Mukaka alimuangalia, akaweka kisahani ya maharagi chini.

"Bamemupata."

"Bamemupata, Mukaka. Bibi yake anamuleta. Balilala Kyondo."

Mukaka akasimama, akapangusa mikono. Kisha akasema: "Washeni moto." Tu hiyo. Bajirani bakakuja, bamama wakakaa chini, benye maharagi na maharagi, benye kuni na kuni. Kijana Muyisa, mwenye anachimbaka makaburi ya kwetu, akaingia nyuma kwenye migomba akaanza kuchimba. Mukaka alioga. Alivaa kitambaa yake ya misa. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena; nilitaka kumusaidia, lakini nilimuacha.

Saa nane tulisikia nyimbo. Batu kumi na mbili ba kilima ya mwisho balikuwa chini ya tipoy, jasho inatoka, na nyuma yao kundi. Mama mukubwa alikuwa mwisho kabisa, kapo mugongoni, kamba kwenye paji. Kwenye lango akasimama, pale alikuwa anasimamaka kila mara. Tipoy ikaingia. Batu bakamusukuma pole pole, naye akaingia.

Walitua tipoy mbele ya Mukaka. Mama mukubwa akatoa kamba, akapiga magoti.

"Mama."

"Umemuleta," Mukaka alisema. Sauti yake ilikuwa nzuri, sijaisikiaka namna ile.

"Mama, hapana."

"Hapana nini?"

"Haiko yeye."

Nyimbo ilikatika upande mumoja, kisha upande ingine. Mukaka hakuelewa, ama hakutaka.

"Fungua."

Kahongya akainama. "Mukaka, mutu wa maji hatumufunguaka, afadhali..."

"Fungua."

Eliezer njo alifungua, juu mama mukubwa alikuwa angali kwenye magoti. Alitoa pagne, akakata kamba, mukeka wa kwanza, mukeka wa pili. Mguu ulitokea kwanza, wa rangi ya majivu, mufupi, na vidole ine. Kisha kichwa ikatokea.

Nyuma yangu mutu alisema chini chini: "Huyu ni kiboko."

"Mimi nimemusomea rozari nzima," mwingine alisema, wa kilima ya mwisho. "Toka kanisa mupaka hapa. Bega yangu hii."

"Rozari haipotei," Kahongya akamujibu, lakini sauti yake mwenyewe haikuwa na nguvu.

Balianza kunungunika. Mama mukubwa akaelezea akiwa palepale chini, maneno machache: basoda, kisu, barière, jina. Hakujitetea. Aliposema "nilisema ni bwana yangu," bamama bamoja baliangalia chini.

Mukaka alikuwa hasikilizi. Alisogea kwa magoti mupaka kwenye tipoy. Aliweka mukono kwenye tumbo ya kiboko, pale basoda balianza kukata. Kitu ilikuwa inatoka. Akaivuta.

"Ndani ni nini?"

"Ni nyasi, mama."

"Nyasi tu."

"Nyasi tu, mama."

Alitikisa kichwa kama mutu mwenye kuambiwa bei ya kitu sokoni na anaona ni ileile ya jana. Mukono ukapanda kwenye shingo, kwenye sikio, kwenye uso. Ukasimama kwenye jicho. Kidole yake ilizunguka pale. Niliona uzi mwekundu, hata mimi toka pale nilisimama.

Muyisa akatoka kwenye migomba na udongo mupaka kwenye magoti. Alikuwa hajui kitu. Akaangalia tipoy, akaangalia batu.

"Na shimo?" akauliza. "Nimeshamaliza shimo."

Batu bote baliangaliana. Shimo ya kaburi ikichimbwa haiwezi kulala njaa. Ukiiacha wazi, inaita mutu mwingine wa nyumba ileile. Ukiirudishia udongo bure, ni vilevile. Hata batoto banajua. Muzee mumoja akasema, pole pole: "Basi tumuweke huyu. Alishaombewa. Alibeba jina." Bengine bakaitika. Ilikuwa mwepesi, na bote balikuwa bamechoka.

Mama mukubwa aliweka mukono wake kwenye mugongo ya mutoto ya kiboko, wazi, vile unaweka kwa mutoto mwenye homa. Miaka kumi na tisa. Niliona anamungojea Mukaka, na kwamba Mukaka akisema ndiyo, yeye atasema "ndiyo, mama," kama siku zote.

Mukaka alisema: "Kisu."

Balimupa. Alikata uzi mwekundu, akavuta kifungo ya pembe, akaipangusa kwenye kitambaa yake ya misa. Aliishika kwenye kiganja, akaifunga.

"Muyisa. Kata mugomba. Ule wa karibu na kisima, haujazaa."

Muyisa akachukua panga.

"Na huyu, mupeleke kwa benzake, kwenye nyumba ya mbuzi." Kisha akageukia mama mukubwa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka tatu alimuangalia uso. "Bibi ya Zacharie. Kuja ukae. Ulisimama sana."

Mama mukubwa akakaa. Ni pale njo alilia, na Mukaka naye, bega kwa bega, bila kelele. Mugomba ulifunikwa na mikeka ileile ya kiboko, juu mingine haikuwepo. Mukaka alitoboa mugomba na kisu upande ya kifua, akaingiza kifungo, akafunga na uzi. Kahongya aliomba. Wale kumi na mbili ba kilima ya mwisho balibeba tena, mupaka kwenye shimo, hatua makumi mbili, na yule wa rozari alikuwa mbele.

Kesho yake balimunyoa mama mukubwa nywele. Hakurudia Kyavinyonge tena. Eliezer alirudia peke yake. Ya Jordy hatukusikia kitu, tulisikia tu kwamba basoda bale balihamishwa, bengine bakakuja. Laurent hajaandika. Ufunguo ungali kwenye shingo ya mama mukubwa, ya mulango yenye haina mbao tena.

Anakaa na sisi. Asubuhi analima, mangaribi anachambua maharagi na Mukaka, hawaongei sana. Siku ya posho, njo Jumamosi, batu bakitoka kwenye salongo, kazi ya bote ya kusafisha njia, batoto ba avenue banakuja. Kila mutoto na kiazi moja ama kijiti ya kuni. Yeye anavaa blouse ya bleu, inapasuka kwenye mabega, anafungua nyumba ya mbuzi. Harufu ni ya mbuzi. Anasimama wima.

"Ne touchez pas. Hapana kugusa. Tunaangalia na macho."

Anapita pole pole. Ndege. Kichwa ya muzee. Samaki ndani ya machupa. Na mwisho kwenye kona: "Huyu mama yake alimuacha. Alikufa na njaa kwenye muchanga."

Kila mara kuko mutoto mumoja wa kuuliza. Siku ile ya juzi ilikuwa kamutoto kamoja ka kwa Kahongya.

"Mama, jicho yake ingine iko wapi?"

Mama mukubwa alinyoosha mukono bila kunyoosha kidole, kwa mulango, upande ya migomba, pale Mukaka alikuwa amekaa kwenye kivuli na kisahani yake. Batoto bakageuka kuangalia. Hawakuona kitu.

"Kule," akasema. "Sasa muende pole pole. Mulango ni mufupi, mutajigonga."